Mwaka Tulipopima Vumbi la Suna

Siku iliyofuata mazishi ya Waya Dorina, mimi na Boke tuliketi jikoni kwa marehemu huko Lambwe, alikohamia baada ya Suna, tukichambua mchele wa wageni ambao walikuwa bado hawajaondoka. Waya ndivyo tunavyomwita dada ya baba, na huyu alikuwa wangu wa pekee. Nje ya dirisha nilimsikia shemeji mmoja akimweleza mgeni jinsi alivyokufa. "Ni kifua," alisema. "Alichoma samaki kule Suna miaka mingi, moshi ikamla mapafu. Hata kwa baraza aliwahi kuambiwa, hakusikia." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni. Boke aliacha mkono wake ndani ya ungo. Tumejuana tangu tukiwa wasichana, na sasa kila mmoja wetu ana mvi anazozificha chini ya kitambaa. "Umesikia?" aliniuliza. Nikamwambia nimesikia. "Mpaka leo," akasema, "wanasema vile alisema." Hakutaja jina na sikuhitaji alitaje. Tulirudi kwenye mchele, lakini tangu siku hiyo sijaweza kuutoa mwaka ule kichwani, na ninaona afadhali niuandike mimi niliyekuwepo kuliko kuuacha usimuliwe dirishani na watu waliousikia kwa mbali.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Sindo na kungoja kuitwa chuoni. Waya akatuma ujumbe kwamba nisikae bure, niende Suna nimsaidie kazi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili vya mabati. Cha mbele kilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na meza ambayo ilibidi usiegemee upande mmoja. Cha nyuma tulilala sisi wawili pamoja na magunia ya chumvi. Uani palikuwa na tanuri la udongo la kukaushia mbuta kwa moshi, samaki walioletwa asubuhi kutoka ufuoni kwetu Sindo wakiwa kwenye barafu, na Waya alikuwa akiongea nao anapowapanga, akiwalaumu kwa kuwa wadogo. Alinipokea kwa kuniita Nyar Sindo, binti wa Sindo, na baada ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa umesahau jina langu.

Chini ya mteremko, nyuma ya ua wa michongoma, kulikuwa na kinu cha kusaga mawe ya dhahabu. Watu waliyaleta mawe kutoka mashimoni ndani ya magunia, mashine ikayaponda yakawa unga laini kama wa muhogo, na unga huo haukukubali kubaki kinuni. Ulikuja kwetu. Ulikaa juu ya chai ukafanya ngozi, ukaingia kwenye ugali ukasagika kati ya meno, ukalala juu ya majani ya sukuma hata tukawa tunayaosha kama vyombo. Waya alikuwa Msabato na shemasi wa kanisa, na nguo yake nyeupe ya ibada aliianika ndani ya nyumba milango ikiwa imefungwa, lakini hata hivyo alipoikung'uta Jumamosi asubuhi iliachia wingu dogo. "Mungu atadhani nimetoka kusaga," alikuwa akisema. Boke aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wao ni Wakuria, na mama yake alifanya kazi kinuni, akiuchekecha ule unga na kuufagia. Mama Boke alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe, akawasha jiko, akapika akikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisichotoa kitu. Tulikizoea kama tulivyouzoea mngurumo wa mashine.

Mwalimu Tobias alikuja wakati wa mvua ndefu. Alikuwa ametoka Homa Bay, kijana bado, na shirika dogo lilikuwa limemtuma awafundishe vijana habari za mazingira. Kanisa la Waya lilimpa chumba cha nyuma Jumapili mchana, siku ambayo wao hawakukitumia. Nikitaka kumchukia vizuri huwa ninaanza na chumba kile, halafu ninashindwa, kwa sababu nilikuwa na furaha ndani yake. Palinuka nta na vitabu vya nyimbo. Tuliletewa chapati na ndengu, na soda ya kugawana. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alifunga madirisha yote akaacha moja wazi kidogo, na mwanga ukaingia kama ubao mrefu, tukaona ndani yake chembe zikielea, nyingi, zisizo na haraka. Akatuacha tutazame. Kisha akauliza, "Hii dhahabu ya hapa inaliwa na nani?" Tukacheka, mmoja akajibu kwamba inaliwa na tajiri. "Na vumbi inaliwa na nani?" Hakuna aliyecheka. Nilimwona Boke akijishika kifua, bila shaka akimfikiria mama yake. "Hapo sasa," Mwalimu alisema taratibu. "Mtu mmoja anapata faida, mwingine anapata kikohozi. Kuuliza kwa nini iko hivyo, hiyo ndiyo haki ya mazingira. Si miti na ndege peke yake."

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza maisha yangu mwenyewe namna hiyo. Nilikuwa nimedhani vumbi ni kama jua, kitu kilichopo tu. Tulitoka pale tukitembea tofauti. Alitufundisha kupima hewa kwa vitu tulivyokuwa navyo: vifuniko vya ndoo vilivyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, vikafungwa kwenye miti, nguzo na milango ya jikoni za watu ili vikamate kinachopita. Vifuniko vingine vilikuwa vyeupe na vingine tulivipaka rangi nyeusi, na sababu yake alitufanya tuirudie mpaka tukaikariri. Masizi ya moshi ni meusi, kwa hiyo huonekana kwenye kifuniko cheupe. Unga wa mawe ni mweupe, kwa hiyo huonekana kwenye cheusi. "Ukiweka rangi isiyofaa," alisema, "utaangalia uchafu na utaona usafi." Kila mahali tulifunga viwili, cheupe na cheusi, vikitazamana na kinu. Vile vyeusi vya karibu na shule ya chekechea tulipovishusha vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu, na ukipitisha kidole kinaacha mfereji. Boke alipitisha kidole akakitazama kwa muda mrefu. "Hii ndiyo iko ndani ya mamangu," alisema.

Mwalimu Tobias akawa mtu wa nyumbani. Alikuja kwa Waya karibu kila alipokuwa Suna, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti kibovu bila kuonyeshwa namna ya kukikalia. Waya alimpikia mbuta wa moshi ndani ya maziwa na kumtilia ugali mara ya pili bila kumuuliza. Alimwita nyathina, mtoto wangu, naye akamwita Mama. Jioni moja, Waya akiwa uani, Mwalimu aliniambia kwamba mtu anayepima hewa ya wengine lazima aanzie kwake. "Niambie juu ya jikoni hii. Ukweli tu. Hatuwezi kudai ukweli kwa tajiri na sisi tunaficha." Nikamweleza. Nilimwambia moshi wa tanuri unavyojaa ua upepo ukikataa kupita, jinsi Waya anavyoamka macho yakiwa mekundu, jinsi anavyokaa kwanza kwenye kitanda akitafuta pumzi kabla hajasimama. Alisikiliza kwa makini. Baadaye alimwonyesha Waya namna ya kuinua dohani la tanuri kwa debe kuukuu, na moshi ukapungua kweli. Nilimuuliza kama kuna mtu angeweza kutumia maneno yangu vibaya. Alishangaa. "Nani huyo, Nyar Sindo? Haya ni yetu. Sisi tunatafuta njia ya kumsaidia Mama, na hatumhukumu."

Kisha ikatangazwa kwamba kinu kinataka kuongeza mashine ya pili, upande wa shule ya chekechea, na kwamba chifu ataitisha baraza wananchi waseme. Tulikuwa tayari, au tulidhani hivyo. Boke ndiye angezungumza kwa niaba yetu. Alifanya mazoezi chumbani kwetu akiwa amesimama juu ya gunia la chumvi, Waya akiwa kitandani akimsahihisha. "Usiseme haraka. Chifu anasikia polepole." Siku chache kabla ya baraza Mwalimu alivikusanya vifuniko vyote, akasema atavihifadhi visije vikafutika. Siku hiyo hiyo, nilipokuwa nikifagia kanisani na Boke, tulisikia sauti mbili kwenye chumba cha nyuma. Moja ilikuwa yake. Nyingine tuliitambua kuwa ya meneja wa kinu, mtu mwenye kicheko kizito. Hatukusikia yote. Tulisikia meneja akiuliza kuhusu wale vijana, na Mwalimu akijibu, "Wale ni watoto wangu. Watanisikiliza." Boke alinitazama akatabasamu. Tulidhani anajivunia sisi. Tuliendelea kufagia, na nakumbuka nilifagia kwa bidii zaidi ili akifungua mlango aone pamependeza.

Baraza lilifanyika uwanjani penye ofisi ya chifu. Waya alikuja na kilemba chake kizuri, akaketi mstari wa mbele pamoja na mashemasi wenzake. Mama Boke alisimama nyuma kabisa na wafanyakazi wa kinu, ambao walikuwa wamepewa ruhusa ya saa moja na kila mmoja alijua ni ya kuja kuiunga mkono mashine. Boke alisimama, akasalimu, na alipoanza kutaja vifuniko Mwalimu Tobias akainuka taratibu, akamgusa bega, akachukua kipaza sauti. "Ahsante, binti yangu. Wacha niwasaidie kueleza, kwa sababu ni mambo ya kitaalamu." Boke akaketi. Alimpisha kama unavyompisha mzazi. Mwalimu akafungua gunia akapanga vifuniko mezani mbele ya chifu, kimoja kimoja, akivigeuza watu waone. Vyote vilikuwa vyeupe. Nilisubiri gunia la pili. Nilitazama chini ya meza, nilitazama nyuma ya kiti chake. Vile vya karibu na kinu aliviinua juu, vikang'aa kama vilivyotoka dukani. "Hapa ni karibu na mashine. Mnaona?" Kisha akainua vilivyotoka majumbani, vyeupe vilivyogeuka vyeusi kwa masizi. "Na hapa ni katika jikoni zetu."

Watu walinong'ona. Boke alisimama akasema kwa sauti, "Mwalimu, zile nyeusi ziko wapi?" Alimjibu kwa upole kabisa. "Boke, keti kidogo." Akaendelea. Alisema ni rahisi kulaumu mashine na ni vigumu kujiangalia. Alisema vijana hawa wenyewe, kwa ujasiri mkubwa, wamemweleza ukweli wa nyumbani kwao, na atatoa mfano mmoja. Ndipo akanitazama, kwa upendo, nathubutu kusema hivyo, akaeleza tanuri la Waya. Alieleza macho mekundu. Alieleza jinsi anavyokaa kitandani akitafuta pumzi. Alitumia maneno yangu hasa, hata mpangilio wake. Hakulitaja jina, lakini alisema ni mama mmoja mpendwa wa kanisa letu anayekausha mbuta, na uwanja mzima uligeuza shingo. Mtu mmoja akacheka. Waya hakugeuka. Nilimwona kwa nyuma, kilemba kikiwa wima, na mkono wake ukaenda taratibu mdomoni akakizuia kikohozi kilichokuwa kinakuja. Alikizuia mpaka mwisho wa baraza. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile.

Mashine ya pili ilikuja. Ofisa wa afya pia alikuja, lakini hakwenda kinuni. Alikuja kwetu na vijana wawili wenye nyundo, akasema kuna malalamiko ya moshi, na tanuri likabomolewa huku Waya akishika kikapu cha samaki ambao walikuwa hawajakauka. Aliwaomba wasubiri hao wa mwisho. Hawakusubiri. Mama Boke aliambiwa asirudi kazini, akae nyumbani amfundishe bintiye adabu. Jioni hiyo tulikula samaki wabichi wa kuchemsha, nyumba mbili pamoja, na Mama Boke akacheka ghafla. "Sasa nitapumzika kukohoa," alisema, kisha akakohoa hadi machozi yakamtoka.

Tulimfuata Mwalimu Homa Bay, mimi na Boke. Alikuwa amepanga chumba kizuri ambacho dirisha lake lilitazama ziwa, na hewa iliyoingia ilikuwa na harufu ya maji tu. Nakumbuka nilivuta pumzi ndefu, nikamwonea wivu, kisha nikajichukia. Alifurahi kutuona. Alituwekea chai na mkate wa siagi. Boke hakugusa.

"Vifuniko vyeusi viko wapi?" aliuliza.

"Boke, kunywa chai kwanza."

"Ziko wapi, Mwalimu?"

Akakaa. Alitueleza kwa utulivu kwamba mashine ile ingekuja tu, tupige kelele au tusipige, kwa sababu ilikuwa imeshaamuliwa na watu wakubwa kuliko chifu. Kwa kunyamazia jambo moja, alisema, alikuwa amepata mengine: tangi la maji la shule, barakoa za wafanyakazi, na yeye mwenyewe angeajiriwa na kinu kushughulikia uhusiano na wananchi, ili tuwe na mtu wetu ndani. "Nyinyi bado ni wadogo. Mtaelewa. Mtu akikataa vyote anarudi nyumbani mikono mitupu."

"Na Waya?" nikasema. "Alikuwa anakupikia."

Kwa mara ya kwanza uso wake ukafanya haya. Lakini haikudumu. "Nyar Sindo, nilisema uongo gani pale? Nitajie mmoja tu."

Nilitafuta. Ninaapa nilitafuta, nikiwa nimeshika kikombe chake, dirisha lake likiwa wazi. Moshi ulikuwepo. Macho yalikuwa mekundu. Vile vifuniko vilikuwa vyeupe kweli. Nimeyatafuta maneno ya kumjibu kwa miaka mingi tangu hapo, na nimefundisha vijana wengi habari za hewa, na sasa ninaweza kuwaambia kwamba uongo mkubwa unaweza kutengenezwa kwa ukweli mtupu, ukichagua tu upi wa kuweka mezani. Siku ile sikuwa na maneno hayo. Boke ndiye aliyesimama. "Twende," akaniambia. "Huyu ametufundisha vizuri, lakini yeye hakuwa darasani."

Waya hakutuuliza tulichoambiwa. Alianza kuuza omena, dagaa wadogo waliokaushwa juani ufuoni, wasiohitaji moto. Faida ilikuwa kidogo na vumbi lilipanda juu yao mezani kwake, akawa anawapepea kutwa nzima kwa kipande cha boksi. Hakuwahi kunilaumu. Nilitaka anilaumu. Usiku nilimsikia akiamka, akakaa kitandani akitafuta pumzi, ingawa tanuri lilikuwa halipo tena, na sikujua tena ni nani wa kumweleza kwamba hilo nalo lilikuwa jambo la kupimwa.

Mwishoni mwa mwaka, nilipokuwa tayari nimeitwa chuoni, tangi lilikabidhiwa. Lilikuwa kubwa, la plastiki, limewekwa kwenye jukwaa la mawe penye lango la shule ya chekechea, na jina la kinu liliandikwa ubavuni kwa rangi ya kijani. Watoto waliimba. Meneja alikata utepe. Mwalimu Tobias alikuwa amevaa koti, na alimwona Waya kwenye foleni ya akina mama wenye mitungi, akaacha wageni wake akaja moja kwa moja, mikono yote miwili mbele. "Mama yangu! Umenitupa kabisa."

Waya aliweka mtungi chini. Hakumpa mkono. "Mimi si mama yako," alisema, kwa sauti ile aliyotumia kusoma matangazo kanisani, kwa hiyo kila mtu alisikia. "Mtoto wangu akiona moshi kwangu ananiambia nikiwa jikoni. Hangojei nivae kilemba."

Mwalimu alibaki na mikono yake hewani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akaishusha. Nilingoja Waya ageuke tuondoke. Nilitaka tuondoke vichwa vikiwa juu, mitungi ikiwa mitupu, watu wakituangalia. Nilikuwa tayari nimeushika mkono wake. Lakini mabomba ya mtaani kwetu yalikuwa makavu tangu mwezi uliotangulia, mto ulikuwa mbali, na Mama Boke alikuwa amelala nyumbani hawezi kuinuka, akituomba maji tangu asubuhi. Waya akautoa mkono wake katika wangu. Akauchukua mtungi, akampita Mwalimu kama unavyompita mtu usiyemjua njiani, akainama na kuufungua mfereji wa lile tangi la kinu, na akasimama pale, mgongo ukiwa umemgeukia, mpaka mtungi ukajaa.